Mipira Minane Hadi Tukuyu: Nyanda za Juu Kusini Msimu wa NBA Ukianza

Nimerudi Dar tangu tarehe 13 Novemba 2024, na wiki nzima hii nimekuwa nikipanga picha na kusoma daftari nililokuwa naliandikia ndani ya mabasi. Safari ilikuwa ya siku kumi na tatu, kwenda Tukuyu na kurudi, na shughuli ilikuwa moja: kupeleka mipira minane ya kikapu kwenye viwanja vitatu. Ni ahadi tuliyoitoa mwaka jana mimi na wenzangu niliocheza nao UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari.

Likizo niliiombea Novemba kwa makusudi. Msimu wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ulianza tarehe 22 Oktoba, na wiki zake za kwanza huwa sitaki zinipite. Wengine huzitumia kutabiri bingwa. Mimi huangalia tabia: mpira ukipotea, nani anageuka na kukimbia kurudi kukaba, na nani anabaki amesimama akimlalamikia refa. Pointi hupanda na kushuka hadi Aprili. Miguu ya mtu anayerudi kukaba huwa haibadiliki sana.

Ijumaa, 1 Novemba: Dar hadi Iringa

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Stendi ya Magufuli na gunia langu. Tiketi 35,000. Konda alitaka elfu kumi ya mzigo, tukaelewana kwa elfu tano baada ya kumwonyesha kilichomo. Kwa atakayebeba mipira: itoe upepo yote na uikunje kama bakuli. Minane iliingia kwenye gunia moja la kilo hamsini na nafasi ikabaki ya pampu na nyavu.

Wakati tunasubiri kuondoka nilifungua simu nikakuta Victor Wembanyama wa San Antonio amemaliza kazi yake kule Utah: pointi 25, rebaundi 9 (kudaka mpira uliokosa goli), asisti 7 (pasi za kufungisha), kunyang'anya mpira mara 5, bloku 5 (kuzuia mtupo). Mtu kufikisha tano au zaidi katika mafungu yote matano kwenye mechi moja ni jambo unaloweza kulisubiri miaka. San Antonio walishinda 106 kwa 88. Msimu huo aliandikwa futi 7 na inchi 3, urefu uleule aliokuwa akiandikiwa Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania aliyefika NBA, na jina hilo lilinifuata safari nzima.

Morogoro tulipita bila tatizo. Mikumi tuliona pundamilia, twiga wawili na dereva akienda pole kama sheria ya hifadhi inavyotaka. Ruaha Mbuyuni tulisimama dakika ishirini. Supu ya mbuzi na chapati mbili elfu tano, na vitunguu vyekundu vimepangwa pembeni mwa barabara kwenye vikapu hadi macho yanawasha.

Kitonga ndiko siku ilikokwama. Lori la mizigo lilikuwa limelala kwenye kona, likaziba upande mmoja na nusu ya mwingine. Tulikaa hapo kwa muda wa saa tatu kasorobo. Jua la bonde lile si la mchezo, na maji yangu yalikwisha ndani ya saa ya kwanza. Jirani yangu kwenye kiti, mzee wa Ilula aliyekuwa akirudi kutoka hospitali, alinigawia nusu ya chupa yake bila kuombwa. Mama mmoja wa viti vya nyuma akapitisha mahindi ya kuchemsha kwenye sufuria yenye kifuniko, kila mtu akachukua hindi lake.

Mzee aliona ninaangalia simu, akauliza ni mpira gani huo wa mikono. Nilikuwa na vipande vya usiku wa ufunguzi nilivyovihifadhi: Boston wakiwafunga New York 132 kwa 109, wakiwa wamepachika mitupo 29 ya pointi tatu na kuifikia rekodi ya ligi. Lakini nilichotaka kumwonyesha ni mwisho wa mechi. Mshindi alishajulikana, Boston wakawa wanatafuta wa thelathini ili rekodi iwe yao peke yao, wakakosa mitupo kumi na mitatu mfululizo. Mzee akatazama kimya, kisha akasema, "Hapo mwanangu wameacha kucheza na wale, wanacheza na namba." Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya hayo kuhusu usiku ule. Boston bado naiona timu bora upande wa mashariki, ila kile kipande cha mwisho nimekiweka akilini.

Kilichomgusa zaidi mzee kilikuwa cha Los Angeles. Usiku uleule wa tarehe 22, katika robo ya pili dhidi ya Minnesota, LeBron James mwenye miaka 39 aliingia uwanjani pamoja na mwanawe Bronny mwenye miaka 20. Baba na mwana kucheza pamoja NBA ilikuwa mara ya kwanza kabisa. Wapo waliosema kijana amebebwa, kwa kuwa timu zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa 55. Mzee, ambaye alifanya kazi na mwanawe wa kwanza kwenye gereji moja kwa miaka sita, alinishika mkono akaniuliza: "Na kijana alimwamkia baba yake kabla ya kuanza kazi?" Nikamwambia walikaa benchi pamoja wakizungumza. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Tuliingia Iringa saa mbili usiku. Stendi kuu ipo Igumbilo, chini kabisa, kwa hiyo weka akiba ya bajaji ya kupandia mjini. Mimi nililipa 5,000 kwa sababu ya gunia na usiku. Lodge 30,000, maji ya moto yapo, mablanketi mawili.

Jumamosi, 2 Novemba: Iringa

Asubuhi ile habari ilikuwa Cleveland kumfunga Orlando 120 kwa 109 na kufikisha ushindi wa sita bila kupoteza. Tangu siku hiyo Cavaliers, au Cavs, ndio hao Cleveland, wakawa kama kipimo cha safari yangu. Kila nilipofika mtu aliniuliza, "Cavs bado?"

Uwanja niliokwenda ni wa saruji, una ufa unaoanzia mstari wa mitupo huru hadi katikati, na watoto wameshaujua: anayedunda mpira upande ule huunyanyua juu kidogo akifika kwenye ufa, kisha anaendelea. Walikuwepo kama thelathini. Mwalimu wao alinipokea kwa "Kamwene", nami nikaitikia hivyo hivyo, watoto wakacheka kwa furaha. Tulijaza upepo mipira mitatu. Wa tatu ukanivunjikia sindano ya pampu ndani ya tundu, na nilikuwa nayo hiyo moja tu. Mwalimu aliitoa kwa koleo taratibu, mpira ukapona. Mingine mitano ikabaki bapa.

Kijana mmoja alimzuia mwenzake kwa bloku safi, kisha akamtikisia kidole. Nikawauliza kile kidole ni cha nani. Wawili tu walijua. Basi tukakaa kwenye kivuli nikawasimulia mwenye kidole hicho, Dikembe Mutombo, Mkongo aliyecheza NBA misimu 18, akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne, kisha akajenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba, miaka 58, wiki tatu kabla msimu huu haujaanza. Nilipofika hapo sauti ilinikwama. Nimekua nikimtazama yule mtu kwenye kanda za video za mjomba.

Ndipo likaja la Thabeet, kama nilivyotarajia. Mvulana wa kidato cha tatu alisema kwa ukali, "Alichaguliwa wa pili 2009, Harden wa tatu, Curry wa saba. Wale bado wanacheza hadi leo." Ni kweli yote. Lakini nilimwambia na mengine: kwamba Thabeet alianza mchezo akiwa kijana mkubwa tayari, kwamba huko Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East miaka miwili mfululizo, na kwamba kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kukanyaga uwanja wa NBA. Mwalimu aliongeza la maana zaidi. Alimsimamisha yule mvulana chini ya goli akamwambia ageuke kwa mguu wa kushoto akiwa na mpira. Akashindwa. "Una miaka kumi na sita," akasema mwalimu. "Harden alijifunza hili akiwa na kumi. Tufanye tena." Wakafanya hadi saa saba mchana.

Usiku wa kuamkia Jumapili, 3 Novemba

Hii sehemu nimeiandika kwa urefu kwenye daftari, na nitaiacha hivyo.

Cleveland walikuwa Milwaukee. Intaneti ya lodge ilikatika ndani ya chumba, lakini nje kwenye baraza simu ilikuwa inashika vizuri. Nikajifunga kanga mbili juu ya sweta nikatoka. Mlinzi alikuwa kwenye kibanda chake na jiko la mkaa, akanivutia kigoda. "Dada, baridi ya Iringa haina adabu, sogea." Akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Kaka huyu hakuwahi kutazama mpira wa kikapu hata mara moja. Alisikiliza jinsi pointi zinavyohesabiwa, akauliza maswali mawili, kisha akawa anaona mambo ambayo mimi nilikuwa nayapita.

Alimwona Evan Mobley kabla sijamtaja. "Huyu mwenye mikono mirefu, mbona ndiye anayepandisha mpira? Si ndiye wa kukaa chini ya goli?" Ndicho hasa kilichobadilika Cleveland. Kocha wao mpya msimu ule, Kenny Atkinson, aliwakuta wachezaji karibu walewale wa msimu uliotangulia, akaongeza kasi na kumruhusu Mobley akichukua rebaundi apandishe mwenyewe, asisubiri kumkabidhi Garland au Mitchell. Jarrett Allen anabaki karibu na goli. Wanaokaba hawana muda wa kujipanga, kwa sababu mtu mrefu kuliko wote ameshafika.

Upande wa pili Giannis Antetokounmpo na Damian Lillard walikuwa wakipambana, na bado niliona kitu kisichonipendeza: Milwaukee wakikosa, wawili watatu wanarudi kwa kutembea. Sisemi wamekwisha. Mtu kama Giannis humziki mwezi wa kumi na moja. Lakini timu iliyofungua msimu kwa ushindi mmoja kisha ikaanza kupoteza mfululizo, tatizo lake mara nyingi liko kwenye magoti na si kwenye mikono.

Mechi ikaja kuamuliwa mwishoni. Donovan Mitchell alichukua mpira, akasogea, akaruka, na saa ilipoonyesha sekunde 0.2 ubao ulikuwa 114 kwa 113 kwa Cleveland. Mlinzi aliinuka akapiga kofi moja kubwa, mbwa wa jirani wakaitikia mtaa mzima. Akakaa chini upesi, akatazama madirisha ya wageni, kisha akaninong'oneza: "Saba?" Saba, kaka.

Saa za mechi, kwa anayetaka kufuatilia akiwa huku: hadi tarehe hiyo, mechi ya saa moja na nusu jioni ya New York ilikuwa saa nane na nusu usiku kwetu. Jumapili hiyohiyo, tarehe 3, Wamarekani walirudisha saa zao nyuma, na tangu hapo kila kitu kikasogea saa moja mbele kwetu. Za mashariki zikawa zinaanza saa tisa au tisa na nusu usiku, za California saa kumi na mbili na zaidi asubuhi, yaani uliweza kuzitazama na chai. Kuhusu bando, pakua vipande vya mechi mahali penye mtandao mzuri. Nilitumia karibu elfu ishirini na tano safari nzima, nyingi zilikwenda usiku ule wa Iringa na sizijutii.

Jumapili nililala hadi saa nne, nikaenda Isimila kuona nguzo za udongo na zana za mawe, nikarudi nikalala tena.

Jumatatu, 4 Novemba: Iringa, Mafinga, Makambako

Coaster hadi Mafinga, kwenye misitu ya misonobari na malori ya mbao. Nilishuka kwa sababu ya sindano ya pampu, maana Iringa maduka mawili ya vifaa vya michezo hawakuwa nayo na la tatu lilikuwa limefungwa.

Nikaelekezwa kwa fundi baiskeli karibu na stendi. Mzee wa makamo, mikono myeusi kwa grisi. Alifungua kopo la maziwa ya unga, akamwaga mezani kila aina ya kidude: vali, nati, gololi, na sindano tatu za mipira. Akachagua moja, akaikagua kwenye mwanga kama tundu liko wazi, akaichovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyokuwa kwenye kizibo. "Ulichomeka kavu," akasema. "Ikiwa kavu inashika mpira wa ndani, ukivuta inakatika. Lainisha kwanza, ingiza wima, usizungushe." Akajaza mpira mmoja kunionyesha, akaudunda mara mbili kwenye udongo, akausikiliza. Nilitoa elfu tano akazirudisha mkononi mwangu. "Hii ni ya watoto. Hata wangu wanacheza." Nimeichora ile sindano kwenye daftari, ili nikumbuke na mafuta yake.

Makambako nililala kwa sababu ya upepo na uchovu. Chumba elfu ishirini. Wali, maharage na kipande cha nyama 3,500.

Jumanne, 5 Novemba: Makambako hadi Mbeya

Usiku wa kuamkia Jumanne timu zote thelathini zilicheza, kwa sababu siku iliyofuata ligi ingepumzika kupisha uchaguzi wa Marekani. Niliamkia matokeo kumi na tano. Cleveland walirudiana na Milwaukee na kushinda tena kwa pointi mbili, 116 kwa 114. Nane. Milwaukee wakawa na ushindi mmoja na vipigo sita.

Barabara ya Igawa, Chimala na Igurusi ni ndefu na tambarare; kwenye mashamba ya mpunga watu walikuwa wanaandaa majaruba. Mbeya tulifika saa tisa alasiri, Nane Nane, mvua ya kwanza ikianza. Bajaji hadi Soweto 3,000.

Jumatano na Alhamisi, 6–7 Novemba: Mbeya

Alfajiri ya Jumatano hapakuwa na mechi yoyote, na ilinifaa, maana siku nzima ilikwenda kwenye chuma. Uwanja wa Mbeya niliokuwa nimeahidi una nguzo na ubao, lakini ringi ilikatika mwaka juzi. Vijana walikuwa wanalenga mraba uliochorwa kwa chaki, na mzozo wa "imeingia, haijaingia" ulikuwa haukomi.

Mwanjelwa nilimpata fundi wa kuchomelea. Nikamweleza vipimo: upana wa ndani sentimeta 45, ikae meta 3.05 kutoka chini. Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la meza, akapata mzunguko wa sentimeta 141 na kidogo, akachukua kipande cha nondo ya milimita 16. Aliikunja polepole kwenye bomba nene, akipima kila mara kwa kamba, akigonga pale palipokuwa na kigongo. Alipounga ncha mbili na kusaga ule uvimbe wa weldi hadi ukawa laini, alipitisha kiganja mzunguko mzima. "Mtoto akidandia asikatwe mkono." Kulabu kumi na mbili za nyavu alizichomea moja moja. Nondo 7,000, kazi 15,000, kipande cha bamba la kufungia ubaoni akaongeza bure.

Alhamisi saa kumi jioni tuliifunga. Ngazi ya kuazima kwa jirani, boliti nne, nyavu niliyotoka nayo Dar. Vijana walikubaliana wenyewe kwamba mtupo wa kwanza apige dada mmoja aliyekuwa amefagia uwanja tangu mchana. Akakosa. Akapewa tena. Wa pili uliingia katikati, na ile sauti ya nyavu, kwa watu waliokaa bila kuisikia karibu miaka miwili, iliwafanya wanyamaze kwanza kabla ya kupiga kelele.

Jioni ile tulizungumzia Oklahoma City, waliokuwa hawajafungwa hadi Denver walipowazuia 124 kwa 122. Russell Westbrook, aliyewatumikia Oklahoma miaka kumi na moja, msimu huo alikuwa Denver, na ndiye aliyewachoma waajiri wake wa zamani kwa pointi 29. Kijana mmoja alisema Oklahoma wameonekana udhaifu wao. Mimi nasema hapana: timu inayopoteza kwa pointi mbili ugenini huku ikikaba vile nitaendelea kuiamini. Cleveland nao walishinda New Orleans 131 kwa 122. Tisa.

Ijumaa 8 hadi Jumatatu 11 Novemba: Tukuyu

Kilomita sabini na kidogo, Noah 5,000, na kila unapopanda ukungu unashuka kukulaki. Mama mdogo alinipokea kwa mbalaga, ndizi za kupikwa, na maziwa ya mgando. "Ugonile, mwanangu. Umekonda, na hilo gunia la nini?"

Mvua ya Rungwe haiombi ruhusa. Beba koti la mvua na viatu vya kuoga vya akiba, usitegemee kiatu kukauka. Barabara za ndani zinateleza, bodaboda wengi hupandisha bei mvua ikinyesha, na wana haki.

Uwanja wa hapa ni wa udongo mwekundu wa shule. Jumamosi mvua ilikatika mchana, tukapata saa mbili. Asubuhi yake Cleveland walikuwa wamewavunja Golden State 136 kwa 117, mechi ambayo kwa kweli iliisha kabla ya mapumziko. Kumi.

Kulikuwa na binti wa kidato cha pili, mrefu kuliko walimu wake wote. Alisimama nyuma kabisa, mabega ameyakunja mbele, goti moja limelegea ili kichwa kiwe sawa na cha rafiki yake. Najua kusimama huko. Mimi nilisimama hivyo miaka mitatu shuleni. Sikumwambia ajinyooshe, maana kila mtu humwambia hivyo. Nilimwita nikampa simu, tukatazama Mobley akichukua rebaundi, akigeuka, akipandisha mpira mwenyewe kati ya watu wafupi waliokuwa wakiunyemelea. Akaniomba nirudie. Akaniomba tena.

Kisha akachukua mpira mmoja kati ya ile miwili mipya. Kwenye udongo mpira haudundi sawasawa, unakuponyoka, unakimbilia kwenye matope. Aliudunda kutoka goli hadi goli mara sita, akiufuata, akiuokota, akianza upya, na ile ya saba hakuupoteza. Alipofika mwisho alikuwa amenyooka. Mama mdogo, aliyekuwa ameketi kwenye tofali na mwavuli, alisema kwa sauti, "Kumbe ni mrefu namna hii!" Binti akacheka, na hakujikunja tena. "Ndaga fijo, dada," yaani asante sana, aliniambia wakati wa kuondoka, akaushika mpira kiunoni.

Jumatatu asubuhi ilikuja na habari mbaya: Chet Holmgren wa Oklahoma alianguka kwa nyonga akijaribu kuzuia dhidi ya Golden State, na mfupa umevunjika. Alishakosa msimu mzima wake wa kwanza kwa mguu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Vijana warefu, wembamba, wanaocheza kwa moyo wa kuzuia kila kitu, nawaogopea sana.

Jumanne 12 na Jumatano 13 Novemba: kurudi

Tukuyu hadi Mbeya, Mbeya hadi Dar, karibu kilomita 900 ukijumlisha. Tiketi ya Mbeya–Dar 55,000. Hakuna cha kusimulia isipokuwa konda aliyeniuliza gunia tupu nalipeleka wapi.

Nyongeza, Jumatano 20 Novemba

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika. Cleveland walifika kumi na tano bila kupoteza, na alfajiri ya leo Boston wamewazuia, 120 kwa 117. Saa moja asubuhi nikakuta ujumbe wa mlinzi wa Iringa, aliyekuwa amechukua namba yangu usiku ule: "Dada shikamoo ya Cavs. Wamefungwa kweli?" Nikamjibu kweli, kwa pointi tatu tu, ugenini, na walikimbia kurudi kukaba hadi dakika ya mwisho. Akauliza inayofuata ni lini. Nikamwandikia: usiku wa kuamkia kesho, saa tisa, nyumbani kwao, na New Orleans.

Akajibu, "Niko zamu."